Mkono Ukutani, Mguu Ukingoni: Waogeleaji wa Kike wa Vienna na Michezo ya Maccabiah

Mkimbiaji wa nchi kavu humkabidhi mwenzake kijiti, na kijiti kikianguka kila aliyeko uwanjani hukiona. Majini hakuna kijiti. Anayemaliza zamu yake hugusa ukuta kwa kiganja, na anayemngoja juu ya ukingo haruhusiwi kubanduka kabla ya mguso huo. Akitangulia mno, timu nzima huondolewa, hata kama wenzake watatu wameogelea kama papa. Saa nayo ina ukali wake: muda wa yule wa kwanza tu ndio unaoweza kuandikwa kuwa rekodi ya mtu binafsi, kwa kuwa wanaomfuata huruka wakiwa tayari wamekwisha kuuanza mwendo. Jasho la watatu huingia katika hesabu ya wote na kupotelea humo.

Ndiyo maana mbio za wanawake wanne za mtindo huru, kila mmoja mita 100, ni kipimo kizuri cha historia. Mtu mmoja aweza kuuchukua ufundi wake akahama nao. Timu ya wanne haihamiki kwa wepesi huo.

Mbio hizi ziliingia katika Olimpiki huko Stockholm mwaka 1912, michezo ya kwanza ya Olimpiki kuwaruhusu wanawake kuogelea. Hazikufanyika katika bwawa la vigae, bali katika ghuba, kwenye njia ya mita 100 iliyozungushiwa mbao. Kwa hiyo mmoja alikwenda na mwenzake akarudi, kama vyombo viwili vya kuvusha watu. Timu nne tu zilijitokeza. Uingereza ilishinda, Ujerumani ikafuata, na Austria ikawa ya tatu kwa dakika 6 na sekunde 17. (Mwaka 2023 Waaustralia walizimaliza mita hizohizo 400 kwa dakika 3 na sekunde 27.96.) Waaustria wale walikuwa Margarete Adler, Klara Milch, Josephine Sticker na Berta Zahourek. Watatu wa mwanzo walikuwa Wayahudi.

Jambo hilo lisingestahili kutajwa lau vilabu vingi vya Austria visingekuwa na kifungu katika katiba zao kilichowafungia Wayahudi mlango. Kwa sababu ya kifungu hicho, mwaka 1909 Wayahudi wa Vienna walianzisha klabu yao, Hakoah, jina ambalo kwa Kiebrania maana yake ni nguvu. Watu wengi huikumbuka kwa soka, maana mwaka 1925 ilitwaa ubingwa wa Austria. Lakini ni wasichana wake waliodumu zaidi katika maji kuliko wanaume wake katika nyasi. Mwaka 1927, katika mashindano ya Ulaya mjini Bologna, Hedy Bienenfeld na Fritzi Löwy walirudi kila mmoja na nafasi ya tatu. Waliogelea wakiwa na nyota ya Daudi kifuani, mbele ya watazamaji ambao hawakuwa wote wapenzi wa nyota hiyo.

Michezo ya Maccabiah ilizaliwa katika hali hiyo. Ilipewa jina la Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi wa karne ya pili kabla ya Kristo, na ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1932 katika Palestina iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Ya pili ilikuja Aprili 1935, na waogeleaji walishindana Haifa, katika bwawa jipya la Bat Galim lililojengwa kando ya bahari. Kwa mwogeleaji aliyetoka Vienna, kupanda juu ya ukingo ule palikuwa mahali ambapo hakuna aliyemuuliza asili yake kabla ya kuruka.

Hata hivyo, michezo ile haikuwa michezo mitupu. Hitler alikuwa amekwisha kushika madaraka Ujerumani, na wanamichezo wengi waliokuja Haifa na Tel Aviv hawakurudi kwao. Ujumbe wa Bulgaria karibu wote ulibaki, vyombo vya muziki vikarudishwa bila wapigaji. Waarabu wenyeji wa nchi hiyo waliutazama wingi wa wahamiaji kwa hofu, na mwaka 1936 wakaanza mgomo mkubwa na uasi. Bwawa lilikuwa kimbilio kwa mmoja na tishio kwa jirani yake, na haifai kuisimulia nusu moja peke yake.

Kiangazi cha mwaka huohuo Austria iliwachagua wasichana watatu wa Hakoah kwenda Olimpiki ya Berlin: Judith Deutsch mwenye miaka 17, aliyekuwa akishikilia rekodi za taifa za mtindo huru, Ruth Langer mwenye miaka 15, na Lucie Goldner. Wote watatu walikataa. Hawakuipinga Olimpiki, bali kushindana katika mji ambao vibao vilikuwa vimewakataza Wayahudi hata kuingia mabwawani. Chama cha kuogelea cha Austria kiliwafungia maisha na kuwafutia mataji. Kosa lao, kwa maneno ya wakubwa hao, lilikuwa kuuvunjia heshima moyo wa Olimpiki. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa neno heshima kutumiwa vibaya kiasi hicho.

Kisha timu ikatawanyika. Deutsch alihamia Palestina mwaka huohuo wa 1936. Langer, baada ya Ujerumani kuimeza Austria mwaka 1938, alizipaka nywele zake rangi ya dhahabu, akachukua cheti cha ubatizo cha uongo, akapita Italia hadi London. Mwaka 1939 alishinda mbio za masafa marefu katika mto Thames. Löwy alikimbilia Italia, kisha Uswisi, na baada ya vita akarudi Vienna. Hakoah ilifungwa. Maccabiah iliyopangwa kufanyika 1938 haikufanyika hadi mwaka 1950.

Mataji yalirudishwa mwaka 1995, pamoja na maneno ya kuomba radhi. Deutsch hakukubali kusafiri kwenda Vienna kuyapokea. Waaustria wenyewe walimfuata Israeli. Mataji hayo yalikuwa ya mtu mmoja mmoja, na hayo karatasi yaweza kuyarudisha. Mtengeneza filamu Yaron Zilberman alitafuta kilichosalia cha timu: aliwakusanya waogeleaji wa zamani wa Hakoah, wengi wakiwa na umri wa miaka 80 hivi, kutoka nchi mbalimbali, wakaogelea tena pamoja katika bwawa la Vienna walilolijua usichanani. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2004. Judith Deutsch alifariki Herzliya mwaka huohuo.