Mama Chini ya Kitambaa

Ukitafuta picha za watoto wachanga zilizopigwa Uingereza na Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19, utakutana na kitu cha ajabu. Mtoto yuko katikati, amevalishwa gauni refu jeupe, macho yamemtoka. Nyuma yake kuna kiti kilichofunikwa shuka. Ukiangalia vizuri, hicho kiti kina mabega. Kina magoti. Wakati mwingine kina mkono uliotokeza pembeni ukimshika mtoto kiunoni. Si kiti. Ni mama yake.

Picha hizi ni nyingi kuliko unavyodhani. Msanii wa Italia, Linda Fregni Nagler, alizikusanya kwa miaka, na mwaka 2013 akaonyesha karibu elfu moja kwenye maonyesho ya Venice. Elfu moja! Mama wamefunikwa shuka, wamefunikwa zulia, wamejificha nyuma ya pazia. Mmoja mmoja wanachekesha. Zote pamoja, hapana.

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Louis Daguerre alipotangaza mbinu yake Paris mwaka 1839, sahani ilihitaji dakika kadhaa za mwanga ndipo ishike sura. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer akaleta mbinu ya kupaka kioo dawa na kukitumia kabla hakijakauka, na muda ukashuka hadi sekunde chache. Lakini sekunde chache ndani ya chumba, siku ya mawingu, bado ni nyingi. Mtu mzima aliwekewa chuma nyuma ya kichwa kimtulize. Sasa mtoto wa wiki tatu utamtuliza na nini? Akirusha mguu tu, mguu unageuka moshi. Dawa pekee ilikuwa mikono ya mtu anayemjua.

Sawa. Lakini hiyo inaeleza kwa nini mama alikuwepo. Haielezi kwa nini alifunikwa. Si angekaa tu hapo na mwanawe, wapigwe wote wawili, mambo yaishe? Wengine walipigwa hivyo. Wale waliofunika walitaka mtoto peke yake, na nadhani ni kwa sababu ya hofu. Uingereza ya wakati huo ilikuwa inazika watoto karibu 150 kati ya kila 1,000 kabla hawajatimiza mwaka. Familia nyingi zilijua kwamba picha hii huenda ndiyo itakayobaki. Na kwa zilizochelewa, mpigapicha aliitwa baada ya kifo: mtoto akalazwa kwenye mto kama amelala, akapigwa picha. (Usiamini kila unachoona mtandaoni, lakini. Mtu akiona mtoto wa zamani amefumba macho anaandika ati ni maiti. Wengi walikuwa wamelala tu.)

Huku kwetu hofu ilikuwa ile ile, ila jibu lake lilikuwa kinyume. Wao walikimbilia kamera kwa sababu mtoto angeweza kwenda. Sisi tulimficha kwa sababu hiyo hiyo.

Pwani, mama na mtoto wanakaa ndani siku arobaini. Mtoto anapakwa wanja usoni, alama nyeusi ya kumchafua kidogo ili jicho la husuda lisimtamani. Jamii nyingi za bara nazo zilikuwa na siku zao za kumweka mzazi ndani, na mahali pengi mgeni hasifii mtoto mchanga kwa sauti. Mtu anayeogopa hata sifa, utamwambia nini kuhusu picha?

Na si kwamba kamera hazikuwepo. A. C. Gomes alikuwa na studio Zanzibar karne hiyo hiyo ya 19. Kadi za posta za enzi ya ukoloni zimejaa watoto wetu, tena wachanga, mgongoni mwa mama zao. Ila hizo zilipigwa ili Mzungu atume kwao. Chini zimeandikwa kabila; jina la mama hakuna, la mtoto ndiyo kabisa. Mama anaonekana sura nzima na bado hatumjui ni nani. Sijui kama hilo ni afadhali kuliko shuka.

Baadaye picha zikawa zetu. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, tangu miaka ya 1940, watu wakienda wamevalia kuua. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, fundi wa kukata picha na kuziunganisha kwa mkono, miongo mingi kabla mtu hajasikia Photoshop. Na sisi tuliozaliwa mitaani miaka ya tisini tulikuwa na yule jamaa wa kamera shingoni aliyepita Jumapili baada ya kanisa, anapiga, anachukua nusu ya pesa, anarudi wiki ijayo na picha. Au harudi.

Angalia albamu ya nyumbani kwenu lakini. Picha yako ya kwanza una umri gani? Yangu niko kwenye kochi lenye vitambaa, nimeegemezwa mito pande zote, naonekana mtu wa miezi saba hivi. Marafiki niliowauliza, hadithi ni hiyo hiyo: mtoto anapigwa akishaweza kukaa. Kabla ya hapo kuna kadi ya kliniki tu. Uzito wakati wa kuzaliwa, tarehe ya sindano ya BCG, na ule mstari wa uzito unaopanda mwezi baada ya mwezi. Kwa mathe, mstari kupanda ndiyo ilikuwa picha nzuri.

Halafu mambo yakageuka. Anne Geddes, mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi New Zealand, alitoa kitabu chake *Down in the Garden* mwaka 1996, watoto wamevalishwa kama maua na wadudu wa bustani, na dunia ikakipenda. Ikaja kamera ya dijitali, ikaja Instagram, na kupiga picha wachanga kukawa kazi kamili. Sai Nairobi kuna wapigapicha wanaofanya hiyo tu.

Nilipoacha chuo nilimbebea mmoja wao mataa kwa miezi kadhaa, kwa hivyo ratiba naijua. Unaweka nafasi mimba ikiwa bado, tarehe ikiachwa wazi manake mtoto hana kalenda. Picha zinapigwa kabla ya siku 14, wakati bado analala fofofo na anajikunja kama alivyokuwa tumboni. Akipita hapo anaanza kujinyoosha na kushtuka. Hita inawashwa hadi sisi wakubwa tunatoka jasho, kwa sababu yeye yuko uchi. Ananyonya kwanza. Simu inacheza sauti ya mvumo mfululizo. Saa tatu zinaisha na umepata picha kumi.

Kuna pozi moja wanaliita la chura: mtoto ameweka kidevu juu ya viganja vyake, viwiko chini, kama mzee anayewaza. Mchanga hawezi kushika kichwa chake, hiyo haipo. Kinachofanyika ni kwamba mtu anamshika kichwa kwa juu, inapigwa picha. Kisha anamshika vifundo vya mikono, inapigwa nyingine. Kwenye kompyuta zinaunganishwa na vidole vya mtu vinafutwa. Mara nyingi vidole hivyo ni vya mama. Miaka 150 na zaidi, na bado tunatafuta namna ya kumtoa kwenye picha.

Nilichokuwa nikiona kila wiki ni kwamba zile siku 14 za studio ziko ndani kabisa ya zile arobaini za nyanya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulihesabu vifo 21 vya watoto wasiotimiza mwezi kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, kwa hivyo nyanya hakuwa anaota. Na mara nyingi alikuja, nyanya mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha mlangoni na leso, akiuliza tutamaliza saa ngapi. Mmoja alimpaka mjukuu wanja usoni njiani wakija. Bosi aliuliza kwa upole kama tunaweza kuupangusa. Nyanya akasema hapana. Mama akamtazama nyanya, akatutazama sisi, akasema basi muufute kwenye kompyuta.

Tukaufuta. Lakini alipokuja kuchukua picha zake aliomba pia zile ambazo hazijaguswa, zote, zenye wanja na zenye vidole vyake. Bosi hakuwa na mazoea ya kuzitoa. Alizitafuta kwenye diski, akamwekea kwenye flashi bila kumtoza, na yule mama akazifungua palepale kwenye meza, moja moja, mtoto akiwa amelala kifuani.