Habari za Kifaransa Katika Mji wa Dar es Salaam, na Faida ya Kukisoma

Siku za likizo alitujia mzee mmoja jirani yetu, akaketi barazani, akanyamaza kitambo kabla ya kusema neno. Binti yake amekwisha kupata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu, na sasa ataka kuendelea kwa shahada ya pili, asome lugha ya Kifaransa, na fasihi yake, na njia ya kukifundisha. Mzee akasema, "Mwalimu, kwa masomo ya kwanza nimeuza ng'ombe wawili, wala sikunung'unika. Lakini Kifaransa hiki kitalimwa shamba gani?"

Swali hilo si la mzaha. Mtu anayeuza ng'ombe ana haki ya kuuliza anunua nini. Basi tumeona vema kueleza hapa jinsi lugha hiyo ilivyoingia katika nchi yetu, na jinsi inavyosikika hata leo katika mji wa Dar es Salaam, kisha kila msomaji apime mwenyewe.

Kifaransa hakikuja kwetu jana. Mwaka 1860 mapadre Wafaransa walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi yao ikashikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 hao wakavuka bahari wakajenga Bagamoyo, wakawakalisha huko watu waliokombolewa katika utumwa. Mwaka 1878 walikuja wengine, ndio Mapadre Weupe waliotumwa na Askofu Lavigerie, wakapita bara mpaka ziwa la Tanganyika na ziwa la Viktoria. Wengi wa watu hawa waliongea Kifaransa wao kwa wao, wakaandika kwa Kifaransa. Tena waliacha alama katika vinywa vyetu. Tunaposoma habari za arusi ya Kana, twataja divai. Neno hilo latoka katika maneno ya Kifaransa du vin. Na wazee wetu wengi wa Kikatoliki waliiita Krismasi Noeli, nalo ni neno la Kifaransa vile vile.

Kati ya mapadre wa Bagamoyo alikuwako mmoja, jina lake Charles Sacleux, aliyezaliwa mwaka 1856. Alikaa katika pwani yetu miaka karibu 20, hata mwaka 1898 akarudi kwao. Huyu hakutosheka na kujua maneno ya kununulia kuku na kuombea maji. Alisikiliza Kiswahili cha Unguja, na cha Mvita, na cha Lamu, na cha Mrima, na cha Ngazija, akaandika kila neno na mahali lilikosemwa. Majani na miti pia aliikusanya, akaandika majina yake kama wenyeji walivyoiita. Mwaka 1891 alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili. Mwaka 1909 akatoa vitabu vya sarufi. Na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilipigwa chapa Paris kwa mafungu mawili, mwaka 1939 na mwaka 1941, kurasa zaidi ya elfu. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 80 ilipotoka, akafa mwaka 1943. Wanaochunguza Kiswahili cha kale hata leo hawawezi kuipita kamusi hiyo.

Lakini angalieni neno moja, ndugu zetu. Maneno yaliyomo ni ya babu zetu, ila maelezo yake ni ya Kifaransa. Mjukuu wa mvuvi aliyemfundisha padre jina la samaki akiifungua leo, ataliona jina, asijue lililoelezwa juu yake. Ni kama mtu aliyeachiwa sanduku na babaye, na ufunguo uko kwa jirani.

Sasa twende Dar es Salaam mjini. Karibu na bandari iko nyumba ya kale iliyojengwa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid aliyeuanza mji ule. Nyumba hiyo baadaye iliingia mikononi mwa Mapadre Weupe, nayo leo yaitwa Nyumba ya Atiman. Wengi wapita mlangoni wasijue Atiman ni nani. Adrien Atiman alizaliwa mbali sana, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Aliibwa angali mtoto, akauzwa jangwani, mpaka Mapadre Weupe wakamkomboa katika nchi ya Aljeria. Kwao alipata elimu kwa Kifaransa, kisha akapelekwa Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa la Tanganyika, akawatibu watu wa huko maisha yake yote, hata alipokufa mwaka 1956. Watu wa Karema hawakumwuliza Kifaransa chake kilimwe shamba gani. Walikiona katika vidonda vilivyopona.

Njia ya pili ya Kifaransa kuingia Dar es Salaam ilikuwa ya biashara. Reli ya kati ilianza kujengwa mjini humo mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na Kongo ya Wabelgiji, ambao serikali yao ilifanya kazi zake kwa Kifaransa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, kwa mkataba wa mwaka 1921, Waingereza waliwapa Wabelgiji mahali katika bandari ya Dar es Salaam na mahali pengine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mahali hapo pakaitwa Belbase, na mizigo ya Kongo, Ruanda na Urundi ikapita hapo. Mambo ya Belbase yamekwisha, bali mizigo ya Kongo ingali ikipita katika bandari ile, na wenye mizigo wangali wakija.

Nao wakija hufika Kariakoo. Jina hilo lenyewe ni la kigeni lililovikwa kanzu ya Kiswahili: Wajerumani walikuwa wamejenga soko, vita vikaja, Waingereza wakawaweka hapo wapagazi wa jeshi walioitwa Carrier Corps, na wenyeji wakasema Kariakoo. Soko likafunguliwa mwaka 1923, na lile jipya, lililochorwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Katika mitaa inayolizunguka utawakuta wafanya biashara wa Kongo wakinunua vitenge, viatu na vyombo. Wale wa mashariki, wa Bukavu na Goma na Lubumbashi, wajua Kiswahili, ingawa si sawa na chetu. Wale wa Kinshasa husema Kilingala, na hesabu zao na karatasi zao ni za Kifaransa.

Hatua chache kutoka sokoni, upande wa Mnazi Mmoja, uko Mtaa wa Lumumba. Patrice Lumumba alisoma shule za misioni, akawa karani wa posta, naye alijua Kiswahili pamoja na lugha nyingine za Kongo. Lakini siku ya uhuru wa nchi yake, tarehe 30 Juni 1960, alisimama mbele ya mfalme wa Wabelgiji akaeleza kwa Kifaransa mateso ya watu wake, wala hapakuhitajiwa mkalimani. Aliuawa mwezi wa Januari 1961. Na katika mtaa huo wenye jina lake leo, mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, ndipo kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha kwanza cha Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU, kwa wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambamo Kifaransa nacho hufundishwa pamoja na lugha nyingine za kigeni.

Labda mtu atauliza, "Mwenye shahada ya pili ya Kifaransa asoma nini ambacho hakukisoma kwanza?" Mambo ni matatu. La kwanza ni lugha yenyewe: sauti zake, muundo wake, na namna isemwavyo katika nchi mbalimbali. La pili ni fasihi, si ya Ufaransa tu, bali na ya Waafrika walioandika kwa lugha hiyo. La tatu ni ufundishaji: mtoto huanzia wapi, hukosea wapi, na kwa sababu gani. Kisha huandika tasnifu, yaani uchunguzi wake mwenyewe juu ya jambo moja, asirudie tu ya wengine.

Sisi tulio walimu twaliona hilo la tatu kuwa kubwa kuliko yote. Mara nyingi Kifaransa hufundishwa shuleni kwa kupitia Kiingereza, kana kwamba mtoto wa Kiswahili hana kitu mkononi. Lakini anacho. Mfaransa asemapo je le vois, maana yake ni namwona, na ule mtendwa umetangulia tendo katika lugha zote mbili. Kiingereza huuweka nyuma. Tena Mfaransa hugawa majina yake katika mafungu mawili, na sifa hufuata jina. Mwingereza hushangaa. Mtoto wetu hawezi kushangaa, maana tangu utoto asema kisu kikubwa, mti mkubwa, jiwe kubwa. Ngeli zake ni nyingi kuliko mbili. Vile vile Mfaransa humwambia rafiki tu, na mkubwa vous. Mtoto aliyefunzwa kumwamkia mkubwa shikamoo aelewa upesi kwamba maneno hupimwa kwa heshima. Mwalimu anayejua lugha zote mbili kwa undani huanza na mali hiyo ya mtoto. Asiyejua humpitisha njia ndefu, kisha humwita mzito wa akili.

Tutoe mfano wa sokoni. Kijana wa duka Kariakoo amejifunza hesabu kwa kitabu kutoka Ufaransa. Humo 70 husemwa sitini na kumi, 80 ni ishirini mara nne, na 90 ni ishirini mara nne na kumi. Aja mnunuzi wa Kongo, naye 70 aiita septante na 90 aiita nonante, kama walivyofundisha Wabelgiji. Kijana atazama tu, na mteja aenda duka la pili. Kitabu hakikusema uongo, bali mwalimu hakujua wanafunzi wake wataongea na nani. Haya yatazidi kutuhusu, maana Rwanda na Burundi zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2022.

Na fasihi je? Ina faida, nayo imekwisha kutufikia kwa mkono wa wafasiri. Kitabu cha Ferdinand Oyono wa Kameruni juu ya kijana mtumishi wa Wazungu kinasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Boi. Barua ya mjane wa Senegali, aliyoitunga Mariama Bâ mwaka 1979, kwetu ni Barua Ndefu Kama Hii. Na kile kisa cha Saint-Exupéry kinachopendwa na watoto wa dunia nzima kilipigwa chapa Dar es Salaam kwa jina la Mwana Mdogo wa Mfalme. Mwanamke wa kijiji chetu asomapo barua ya yule mjane, na ugomvi wa urithi, na ndugu wa mume waliojaa nyumbani, haoni ugeni wo wote.

Hatusemi kila mtoto akimbilie Kifaransa. Tumewaona waliojaza madaftari maneno mazuri, na mgeni akiwasalimu wakakimbia. Tena elimu ya lugha ya mbali inayomfanya mtu aidharau lugha ya mamaye ni hasara juu ya hasara. Sacleux alisifiwa kwa sababu aliheshimu maneno ya watu wa pwani. Basi itakuwa aibu sisi kuyaacha tukifuata ya kwao.

Haya yote tulimweleza yule mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu. Parokia yetu ilianzishwa na mapadre Wafaransa, nao walikuwa na desturi ya kuandika kila siku mambo yaliyotukia: mvua, njaa, vita, waliobatizwa, waliokufa, waliokuja kuomba ardhi. Mzee akasema, "Katika madaftari hayo, je, limo jina la babu yangu? Maana twaambiwa alikuja hapa mtoto, amekombolewa, wala hatujui alitoka wapi."

Ndugu wasomaji, hatukuweza kumjibu. Tumefundisha miaka mingi, na watu hutuita wasomi wa kijiji, lakini habari za mji wetu wenyewe zimeandikwa kwa lugha tusiyoijua. Mzee akachukua fimbo yake, akasema, "Basi na aende akasome. Akirudi, aanze na hilo." Nasi twamwombea binti huyo safari njema, na vijana wengine wenye moyo wa lugha twawaambia: jifunzeni hata mwisho, kisha mturudishie yaliyo yetu.