Chokaa Inayorudi kwa Matumbawe: Historia ya Kulilisha Tangi la Bahari Tone kwa Tone

Tangi la matumbawe, yaani chombo cha kioo chenye maji ya bahari na viumbe hai vya mwambani, hupungukiwa na vitu viwili kila siku, na historia ya ufundi wake ni historia ya kutafuta namna ya kuvirudisha bila kuchelewa wala kuzidisha. Cha kwanza ni maji, ambayo hugeuka mvuke na kupaa yakiiacha chumvi nyuma. Cha pili ni madini, hasa kalsiamu na bikaboneti, ambayo matumbawe huyanyonya na kuyageuza kuwa kalsiamu kaboneti, jiwe jeupe la kiunzi chake. Bahari hurudishiwa maji na madini na mvua na mito, tena ukubwa wake huikinga na badiliko la ghafla. Lakini tangi la lita 200 linalopoteza lita 4 kwa siku, likiachwa siku 10 bila kuongezwa maji, chumvi yake hupanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu gramu 44, kiwango ambacho matumbawe mengi hayakivumilii.

Waanzilishi wa ufugaji huu walitegemea mikono mitupu. Mwaka 1846 Mwingereza Anna Thynne alichukua matumbawe ya maji ya baridi kutoka pwani ya Torquay hadi London, akayaweka hai kwa kuyamimina maji ya bahari kutoka chombo hadi chombo ili yapate hewa, na baadaye akaongeza mwani uliosaidia kuyasafisha. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la akwaria kwa umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse, ambaye kitabu chake ndicho kilichoeneza neno hilo, alitoa kanuni ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi mbalimbali, kwa kuwa wakazi wengi wa miji ya bara hawakuwa na njia ya kuyapata maji yenyewe. Hata hivyo, kuyatengeneza maji mara moja ni jambo moja na kuyadumisha jinsi yalivyo ni jambo jingine, na kwa zaidi ya miaka 100 iliyofuata matumbawe ya nchi za joto yalikuwa yakifa mapema katika matangi mengi.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza kwa maandishi kwamba mawe hai ya mwambani, yaliyojaa bakteria na wadudu wa bahari, yakiwekwa tangini pamoja na viputo vya hewa, yaliweza kuyalea matumbawe. Mawe hayo yalisafisha maji, lakini hayakujibu swali la madini yanayopungua kila kiunzi kinapokua. Jibu lilitoka kwa wafugaji wa Kijerumani katika miaka ya 1970, hasa Peter Wilkens, aliyependekeza kwamba maji yanayopotea kwa mvuke yafidiwe kwa maji ya chokaa, ili pengo la maji na pengo la madini yazibwe kwa tendo moja. Njia hiyo, ikiunganishwa na mawe hai na chombo cha kuondoa uchafu kwa povu, ilikomazwa mjini Berlin na Dietrich Stüber na wenzake, ikajulikana kwa jina la mji huo.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaijua chokaa hiyo, kwa maana kuta za Kilwa na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe na kuyazima kwa maji. Tanuri huitoa hewa ya ukaa katika jiwe, na maji huligeuza jiwe lililobaki kuwa chokaa iliyozimwa. Tangini safari hiyo hurudi kinyume, kwani chokaa iliyoyeyuka huinasa hewa ya ukaa iliyomo majini, hutoa kalsiamu na bikaboneti, na tumbawe hulijenga jiwe upya.

Dawa hiyo ilikuwa na masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyozaa mitambo. Maji ya chokaa yaliyokolea yana pH ya zaidi ya 12, ilhali bahari ina 8 na kidogo, hivyo kuyamwaga kwa mkupuo huunguza viumbe, na inafaa yadondoke polepole, hasa usiku ambapo mwani hauitumii hewa ya ukaa na pH ya tangi hushuka. Wafugaji walitumia kwanza mpira wa kudondoshea, kisha boya linalofunga na kufungua maji kama lile la tangi la choo, na hatimaye vihisi vya umeme vinavyowasha pampu kina kikishuka kwa milimita chache. Kwa kuwa boya likikwama linaweza kumwaga pipa zima la akiba, mafundi waliongeza kihisi cha pili cha tahadhari, wakaweka ukomo wa muda wa pampu, na wakaifanya akiba iwe ndogo kiasi kwamba hata ikimwagika yote isiweze kuua.

Sharti lililobaki lilikuwa la kipimo, kwa sababu lita moja ya maji huyeyusha gramu 1.7 hivi tu za chokaa, na tangi haliwezi kupewa maji mengi kuliko linayopoteza. Matumbawe yalipostawi na kudai zaidi, Wajerumani walibuni chombo kinachopitisha hewa ya ukaa ndani ya vipande vya matumbawe makavu, ili maji yenye asidi kidogo yaviyeyushe na kuyapeleka madini yake kwa matumbawe hai. Katika miaka ya 1990 Hans-Werner Balling alitoa njia nyingine, ya kuongeza kalsiamu kloridi na sodiamu bikaboneti kwa vipimo vinavyolingana. Na kwa kuwa viwili hivyo huacha chumvi ya kawaida majini, aliongeza mchanganyiko wa tatu wa chumvi zote za bahari isipokuwa hiyo, ili uwiano usiharibike. Vimiminika hivyo husukumwa na pampu ya magurudumu yanayouminya mpira, jamaa ya ile ambayo Michael DeBakey aliiboresha mwaka 1934 kwa ajili ya kuwatilia wagonjwa damu, na sasa saa ya kielektroniki huigawa dozi ya siku katika sehemu ndogo nyingi.

Uthabiti uliopatikana hivyo umevuka mipaka ya starehe ya nyumbani. Katika jumba la makumbusho la Horniman, London, Jamie Craggs na wenzake walifanikiwa mwaka 2013 kuyafanya matumbawe yatage mayai kwa kuigiza joto, jua na mwezi wa mwambani, na mwaka 2019 akwaria ya Florida ilitumia ujuzi huo kuzalisha matumbawe nguzo, ambayo maradhi yalikuwa yakiyamaliza baharini.

Hata hivyo, mitambo hii yote hufanya kwa gharama na wasiwasi kazi ambayo bahari huifanya bure, na joto la mwaka 1998 lililoua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi lilionyesha kwamba hata bahari ina kikomo chake. Kwa hiyo, wanaovunja matumbawe hai ya pwani yetu ili kupata chokaa ya kujengea wanapaswa kuacha, na serikali na wanakijiji wawasaidie kupata kitu mbadala, kwa sababu jiwe linaloteketea katika tanuri kwa siku chache ni kazi ya miaka mingi ya mnyama mdogo anayelijenga chembe kwa chembe.