Damu bandia na kicheko: Filamu za senti chache zilizowatisha wakaguzi

FILAMU ya kuogofya humfanya mtazamaji afumbe macho, ilhali futuhi humfanya acheke hadi mbavu zimuume. Kuna utanzu mmoja wa sinema unaomtaka afanye yote mawili kwa pamoja, na aghalabu filamu zake hutengenezwa kwa pesa kidogo mno.

Utanzu huo hujulikana kama splata, jina linalotokana na kutapakaa kwa damu. Humo vichwa hukatika, matumbo hutoka nje na maiti hufufuka wakiwa na njaa, lakini mambo hayo hutiwa chumvi kiasi kwamba hofu hugeuka kicheko. Hesabu yake ni rahisi. Kikombe kimoja cha damu kikimwagika kwenye sakafu ya jikoni, mtazamaji husisimkwa na mwili. Ikimwagika mapipa kwa mapipa, akili hukataa kuamini, naye hucheka.

Siri hiyo haikuvumbuliwa na watu wa sinema. Mjini Paris, Ufaransa, ukumbi mdogo wa Grand Guignol ulifunguliwa mwaka wa 1897 katika jengo lililokuwa kanisa dogo. Huko michezo ya mauaji na wendawazimu ilipangwa kwa zamu na vichekesho vifupi katika usiku mmoja, ili hadhira ikishapumua itishwe upya. Ukumbi huo ulifungwa mwaka wa 1962.

Mwaka uliofuata, Mmarekani Herschell Gordon Lewis alitoa Blood Feast, filamu iliyopigwa mjini Miami kwa takriban dola 24,500. Lewis na mtayarishaji mwenzake, David F. Friedman, walikuwa wametafuta kitu ambacho kampuni kubwa za Hollywood zisingethubutu kukigusa, wakaamua kuwa ni damu ya rangi nyekundu iliyoiva, ionekane wazi bila kufichwa. Uigizaji wake ni mbovu na hadithi haina kichwa wala miguu, na kicheko kinachopatikana humo mara nyingi hakikukusudiwa. Hata hivyo, filamu hiyo ilirudisha gharama yake mara nyingi. Wasiokuwa na pesa za kumwajiri mwigizaji mashuhuri walipata funzo: damu bandia yaweza kuwa ndiye nyota wa filamu.

Aliyeuchukua ufundi huo na kuutia ucheshi wa makusudi ni Sam Raimi, kijana wa miaka 20 kutoka jimbo la Michigan. Mwaka wa 1978 yeye na marafiki zake, akiwemo mwigizaji Bruce Campbell, walitengeneza filamu fupi ya kuwaonyesha watu wenye akiba, kama vile madaktari wa meno na mawakili, ili wawachangie. Kwa mchango huo waliingia msituni Tennessee mwishoni mwa mwaka wa 1979 kupiga The Evil Dead. Damu yao ilikuwa shira ya mahindi iliyotiwa rangi ya chakula, na katika baridi kali ya huko nguo za waigizaji ziliganda zikawa ngumu kama ubao.

Filamu hiyo ya kwanza bado inatisha kuliko inavyochekesha. Ni katika Evil Dead II ya mwaka wa 1987 ambapo Raimi, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa vichekesho vya kupigana makofi vya The Three Stooges, aliachilia futuhi itawale. Mkono wa mhusika mkuu unaingiwa na pepo na kuanza kumpiga bwana wake kwa sahani. Anaukata kwa msumeno wa injini, anaufunika kwa ndoo na kuikandamiza ndoo hiyo kwa vitabu. Kitabu cha juu kabisa ni A Farewell to Arms cha Ernest Hemingway, na mzaha wenyewe ni kwamba neno la mwisho la anwani hiyo kwa Kiingereza lina maana ya silaha na pia mikono.

Lakini mfano bora zaidi wa utanzu huu ulitoka New Zealand, nchi ambayo wakati huo haikutajwa sana katika mambo ya sinema. Peter Jackson alikuwa fundi wa picha za kuchapishwa katika gazeti moja mjini Wellington. Mwaka wa 1983 alianza kupiga filamu fupi kwa kamera ya milimita 16, akiwatumia marafiki zake mwishoni mwa wiki na kulipia gharama kwa mshahara wake. Filamu hiyo fupi ilirefuka, ikachukua miaka minne. Vinyago vya mpira vya viumbe kutoka sayari nyingine alivioka katika oveni ya mama yake.

Bad Taste, kama ilivyoitwa, yasimulia juu ya viumbe hao wanaovamia kijiji ili kuvuna nyama ya binadamu kwa ajili ya mikahawa yao ya huko angani. Jackson mwenyewe aliigiza wahusika wawili, mmoja mwenye ndevu na mwingine asiye nazo, na kuna onyesho ambapo wawili hao wanapigana kwenye ukingo wa jabali. Yule asiye na ndevu anaanguka, fuvu linafunguka, naye anaendelea na kazi akiwa amelifunga kwa mshipi wa suruali ubongo usidondoke. Tume ya Filamu ya New Zealand ilitoa pesa za kuikamilisha, na mwaka wa 1988 ilipelekwa Cannes kuuzwa.

Mwaka wa 1992 Jackson alitoa Braindead. Mama mmoja mkali anaumwa na kima-panya kutoka Sumatra, anaoza taratibu, anakufa na kufufuka. Mwanawe Lionel, mtiifu kupita kiasi, anamficha katika chumba cha chini ya nyumba pamoja na maiti wengine wanaozidi kuongezeka, huku akiwachoma dawa za usingizi na kuwapakulia chakula mezani. Kinachochekesha si damu peke yake. Ni jitihada za kijana huyo za kuifichia nyumba yake aibu, wageni waheshimiwa wasijue kwamba sikio la mama limedondokea ndani ya bakuli. Mwishoni Lionel anajifunga mashine ya kukata nyasi kifuani na kuingia nayo katikati ya kundi la maiti. Inasemekana onyesho hilo lilitumia lita 300 za damu bandia.

Ni hapa ambapo wakaguzi wa filamu walitofautiana vikali. Bodi ya Uingereza iliipitisha Braindead bila kukata chochote, kwa watazamaji wa miaka 18 na zaidi. Nchini Ujerumani ilipigwa marufuku na nakala zake kutwaliwa. Marekani ilikuwa na nakala mbili, moja ikiwa imepunguzwa sana. Filamu ilikuwa ileile. Lililobishaniwa ni iwapo kicheko kinapunguza ukatili au kinauhalalisha.

Ubishi huo haukuwa wa maneno matupu. Miaka michache kabla ya hapo, kanda za video zilipoingia majumbani nchini Uingereza, The Evil Dead iliwekwa kwenye orodha ya filamu za kushtakiwa, na wenye maduka waliokodisha kanda kama hizo wakajikuta kortini. Sheria mpya ya kukagua video ilipitishwa mwaka wa 1984. Filamu hiyo haikuruhusiwa nchini humo bila kukatwa hadi mwaka wa 2001. Kufikia wakati huo Raimi alikuwa akitengeneza Spider-Man, naye Jackson alikuwa kwenye trilojia ya The Lord of the Rings, ambayo sehemu yake ya tatu ilitwaa tuzo 11 za Oscar mwaka wa 2004.

Afrika Mashariki nayo haikuachwa nyuma. Katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha kampuni ya Ramon Film Productions mwaka wa 2005. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka wa 2010 kwa hakika ni ya mapigano, wala si ya kuogofya, lakini udugu wake na Bad Taste ni dhahiri. Bunduki ni za kuchongwa, na damu hujazwa katika mipira ya kondomu inayopasuliwa risasi inapodaiwa kupiga.

Ucheshi wake unatokana na desturi ya vibanda vya video, ambako mchekeshaji huzungumza juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho, kazi iliyompa DJ Afro umaarufu hapa Kenya. Katika Captain Alex ni sauti ya VJ Emmie inayoshangilia kila anayeuawa na kuwakejeli makomando wenyewe. Nabwana aliifuta nakala ya awali katika kompyuta yake ili apate nafasi ya kazi nyingine, na iliyosalia ni ile yenye mzaha wa Emmie pekee.