Kabla Upende Sauti, Soma Namba

Mjomba wangu aliwahi kununua gari kwa macho. Rangi ilikuwa inang'aa, injini inanguruma poa, na muuzaji alikuwa na mdomo mtamu. Wiki tatu baadaye akagundua namba ya chesi haifanani na ya kwenye logbook. Pesa aliyouzia shamba ikaenda hivyo. Tangu siku hiyo, nikiona gari kali siulizi inakimbia aje. Nauliza: wewe ni nani?

Na hakuna gari zinahitaji hilo swali kama zile za Marekani za miaka ya 60, muscle car. Ukijua historia yake utaelewa kwa nini.

Turudi 1964. General Motors ilikuwa na sheria ya ndani: gari ya ukubwa wa kati isibebe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Pontiac, mhandisi wao mkuu akiwa John DeLorean, walitaka kuweka ya 389. Walifanya nini? Hawakutoa modeli mpya. Walichukua Tempest LeMans, gari ya kawaida tu, na ile injini kubwa wakaiuza kama nyongeza ya hiari kwa karibu dola 300. Wakaiita GTO. Mwaka huo wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 32,000.

Ujanja safi kabisa. Lakini cheki shida waliyotuachia. Kwa sababu GTO ilikuwa nyongeza, namba ya utambulisho, yaani VIN, ya gari za 1964 na 1965 inakuambia ni LeMans, basi. Ilipofika 1966 GTO ikawa modeli yake yenyewe, na VIN ikaanza na 242. Kwa hivyo mtu akipata LeMans ya 1964, akabadilisha injini na kubandika nembo, VIN pekee haiwezi kumshika. Kutengeneza nakala si dhambi. Kuiuza kwa bei ya ile ya ukweli, huo ni wizi.

Sasa mnunuzi mjanja anafanya nini? Anaanza na karatasi. Kuna watu wanaitwa Pontiac Historic Services ambao wana rekodi za kiwanda za Pontiac. Unawapa VIN, unapata nakala inayoonyesha gari ilitoka kiwandani na nini. Kwa Ford za kuanzia 1967 kuna Marti Report. Baada ya hapo ndio unainama chini ya boneti na tochi: msimbo wa injini, tarehe ya kusubu chuma, na kipande cha VIN kilichopigwa kwenye bloku. Tena usiamini kitu kimoja pekee, maana hata bloku inaweza kusuguliwa ikapigwa namba mpya. Karatasi, chuma na historia ya wenye gari lazima vitoe hadithi moja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa filamu ya Bullitt, ya 1968. Steve McQueen aliendesha Mustang ya kijani kwenye milima ya San Francisco. Zilitumika Mustang mbili, na VIN zao zimefuatana: 8R02S125558 na 8R02S125559. Isome hivi: 8 ni mwaka 1968, R ni kiwanda cha San Jose, 02 ni bodi ya fastback, S ni injini ya 390. Zinazobaki ni namba ya gari yenyewe.

Ile ya 559 ilinunuliwa na familia moja mwaka 1974 kwa dola 6,000. Mama wa nyumba hiyo alikuwa anaiendesha kwenda kufundisha. McQueen mwenyewe aliandika barua akiomba kuinunua, wakakataa. Mwaka 2020 iliuzwa kwenye mnada Florida kwa dola milioni 3.4, kabla ya ada.

Na ile ya 558? Watu waliamini ilishasagwa. Mwaka 2017 ikapatikana Baja California, Mexico, imepakwa nyeupe, injini yake ya kwanza haiko. Mwenyewe alikuwa anapanga kuigeuza iwe nakala ya Eleanor, Mustang ya filamu nyingine kabisa. Wazia! Gari ya ukweli ilikuwa karibu kufanywa feki, kwa sababu tu hakuna aliyekuwa amesoma namba. Kevin Marti, yule wa Marti Report, alienda kuikagua akathibitisha ndiyo yenyewe.

Nikiri kitu. Mimi niliacha chuo, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiwaambia watu makaratasi si kitu, angalia kazi ya mtu. Bado naamini hivyo kuhusu watu. Mtu anaweza kujieleza, na kesho anaweza kuwa mwingine. Gari haiwezi kujieleza. Anayeisemea ni muuzaji, na muuzaji anataka pesa yako. Karatasi ndiyo shahidi pekee aliyekuwepo siku gari inazaliwa na hapati chochote ukinunua.

Mjomba siku hizi ana gari nyingine, kuukuu, rangi imebabuka. Kabla hajalipa alipiga magoti akasoma namba ya chesi kwa sauti, herufi moja moja, mimi nikiwa nimeshika logbook.

Zilifanana.