Leso ya Malkia, Leso ya Mkunga

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga Pangani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila alipoitwa usiku kwenda kuzalisha, kikapu chake kilikuwa chepesi. Wembe mpya ndani ya karatasi yake, uzi, kichupa cha mafuta ya nazi, na leso mbili kuukuu zilizofuliwa mpaka zikalainika. Leso moja ilikuwa ya kumpokelea mtoto. Ya pili aliichovya kwenye maji moto, akaikamua, akaikunja mara nne na kuiweka kiunoni mwa mama, pale chini kabisa mgongo unapokutana na nyonga. Uchungu ulipopanda aliikandamiza kwa kiganja. Ulipotulia aliinua mkono. Ulipopanda tena, mkono ulirudi palepale. Usiku kucha, bila kukosea wakati.

Mimi mwenyewe nilizaliwa hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika chumba cha uani, kwa mwanga wa taa ya chemli, wanawake watatu wakimzunguka mama yangu. Mama anasema hakupewa dawa yoyote ya maumivu, wala hakujua kwamba dunia ina dawa ya namna hiyo. Ilikuwapo. Ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja na ishirini.

Ilianzia Edinburgh, Scotland. Tarehe 19 Januari 1847 daktari James Young Simpson alimvutisha etha mwanamke aliyekuwa akijifungua kwa shida, miezi mitatu tu baada ya madaktari wa Boston kuonyesha hadharani kwamba mtu anaweza kupasuliwa huku amelala. Etha ilikuwa na harufu kali na iliwasumbua wagonjwa, kwa hiyo Simpson akaendelea kutafuta. Usiku wa tarehe 4 Novemba mwaka huohuo, yeye na wenzake wawili waliketi mezani nyumbani kwake wakavuta mvuke wa klorofomu kujaribu, na baada ya muda mfupi wote wakawa sakafuni. Hazikupita siku nyingi akaanza kuitumia kwa wanawake wanaojifungua.

Upinzani ulikuwa mkubwa. Wapo madaktari walioona kwamba uchungu una kazi yake na haufai kuguswa. Wapo waliokumbusha hukumu aliyopewa Hawa katika kitabu cha Mwanzo, kwamba atazaa kwa uchungu. Simpson alikuwa mtu wa dini, akawajibu kwa kitabu hichohicho: Mungu alipotaka kutoa ubavu wa Adamu, alimlaza kwanza usingizi mzito. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka.

Kilichoyapunguza makali ni leso moja. Tarehe 7 Aprili 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa akijifungua mtoto wake wa nane, Leopold. Daktari John Snow aliikunja leso, akaidondoshea klorofomu kidogo na kumsogezea Malkia puani kila uchungu ulipokuja. Hakumlaza, alimpunguzia tu. Kazi ile ilichukua dakika 53. Malkia aliisifu dawa hiyo katika shajara yake, na mwaka 1857, alipokuwa akimzaa Beatrice, Snow aliitwa tena.

Kila nikisoma habari hiyo namkumbuka bibi. Neno leso tulilipata kwa Wareno, na kwao ni kitambaa kidogo, kama cha mkononi. Pwani likakua likawa vazi zima, ndiyo hiyo kanga ambayo mwanamke huolewa nayo, hubebea mtoto na hufunikwa nayo akifa. Leso ya Snow na leso ya bibi zilifanya kazi kwa mwendo mmoja. Zilikuja uchungu ulipopanda na kuondoka ulipotulia. Tofauti ni kilichodondoshwa juu yake.

Na tusisahau kwamba Malkia alijifungulia nyumbani. Lilikuwa kasri, ndiyo, lakini ni kwake, kitandani kwake. Dawa ndiyo iliyomfuata. Karibu wagonjwa wote matajiri wa zama zile walizalia majumbani na madaktari wakawaendea na chupa zao. Mwaka 1933 daktari Robert Minnitt wa Liverpool alitengeneza mashine ndogo iliyochanganya gesi ya naitrasi oksaidi na hewa, na mama akaishika barakoa kwa mkono wake mwenyewe na kuvuta alipotaka. Mwaka 1936 bodi ya wakunga ya huko iliwaruhusu wakunga kuitumia bila daktari kuwapo. Mpaka leo mkunga wa Uingereza anayekwenda kuzalisha nyumbani hubeba mtungi wa gesi. Kwa hiyo kuzalia nyumbani ni jambo moja, na kuzaa bila dawa ni jambo jingine. Sisi tumeyaona yote mawili kwa pamoja kwa muda mrefu hata tukadhani ni kitu kimoja.

Mwaka huo wa 1936 Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza haohao. Mtungi haukuvuka bahari ukafika kwa wakunga wa Pangani. Umaskini wa serikali ya kikoloni ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni imani iliyokuwa vichwani mwa watu wenye madaraka, nayo ina historia yake, tena chungu.

Kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwafanyia upasuaji wanawake watumwa waliokuwa na fistula, jeraha la uzazi. Majina ya watatu tunayo: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alikuwa amepata jeraha lake baada ya kukaa na uchungu siku tatu. Alipasuliwa takriban mara thelathini, bila nusukaputi. Etha ilipoanza kujulikana mwaka 1846, Sims hakuwapa. Miongoni mwa madaktari weupe wa wakati ule, wazo kwamba mtu mweusi haumii sana lilikuwa limeenea, na lilisafiri mbali kuliko dawa yenyewe.

Kinyume chake kilikuwa kikionekana huku kwetu, kwa yeyote aliyekuwa na macho. Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari Mwingereza aliyesomea udaktari Edinburgh, jiji lilelile la Simpson, alishuhudia upasuaji wa kumtoa mtoto mahali paitwapo Kahura, katika Uganda ya leo. Mama alikuwa na umri wa miaka kama ishirini, na huo ndio uzazi wake wa kwanza. Alilazwa kibandani juu ya kitanda kilichoinama na kunyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Kifua na mapaja yake yalifungwa kwa vitambaa vya magome ya mti. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akamwosha mama tumboni, kisha akapasua. Msaidizi alizuia damu kwa chuma cha moto. Mtoto alitoka, kondo likatolewa, tumbo likafungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyong'arishwa, na juu yake ikabandikwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, kisha jani la mgomba lililopashwa moto. Misumari ya kwanza ilianza kutolewa siku ya tatu. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona, mama na mwana wazima.

Felkin aliwasimulia madaktari wa Edinburgh mambo hayo mwaka 1884, na wengi wamestaajabia ule usafi na ule ustadi. Mimi nastaajabia pombe. Watu wa Kahura walijua kwamba yule binti anaumia, wakajiuliza wafanye nini, wakampa walichokuwa nacho. Felkin aliandika pia kwamba mama hakutoa kilio mpaka misumari ilipoanza kupita. Ukisoma sentensi hiyo haraka utasema hakuumia. Mwanamke aliyelelewa katika nyumba ambamo kupiga kelele wakati wa kuzaa ni aibu, atauma leso yake mpaka meno yatokeze upande wa pili, na chumba kitakuwa kimya. Bibi aliwaambia wanawake aliowazalisha, "Usiupigie kelele, mwanangu, upumulie." Hakuwahi kuwaambia kwamba hauumi.

Tofauti hiyo ilimponyoka hata mtu mwema kama Grantly Dick-Read. Akiwa daktari kijana katika mitaa ya maskini ya Whitechapel, London, alimwendea mwanamke aliyekuwa akijifungulia kwenye kibanda kibovu usiku wa mvua. Akampa klorofomu, mwanamke akaikataa kwa upole, kwa kuwa hakuona haja. Daktari yule aliondoka na swali ambalo hakuliacha tena. Mwaka 1933 alitoa kitabu akieleza kwamba hofu hukaza mwili, na mwili uliokaza huongeza maumivu. Ukimwondolea mama hofu, ukamfundisha na usimwache peke yake, uchungu utapungua. Mkunga yeyote wa Pwani angemwelewa. Lakini Dick-Read aliamini pia kwamba wanawake wa jamii alizoziona "za asili" huzaa karibu bila kuumia, na mwaka 1955 alichapisha kitabu kuhusu safari yake barani Afrika alipokuja kuwatazama. Laiti angemuuliza mmoja wao kwa lugha yake! Lugha yetu ingemjibu kwa neno moja tu. Kwa Kiswahili leba yenyewe inaitwa uchungu. Mama ameshikwa na uchungu, uchungu umeanza, uchungu umekaza. Hatuna jina jingine la kuufunika.

Waliotuandikia mila za Pwani hawakufika chumbani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye simulizi zake na za wenzake zilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza mambo ya uzazi, ya mkunga na ya siku arobaini, lakini alikuwa mwanamume, na mlango wa mzazi hufungwa kwa wanaume. Ule ujuzi wa mikono ulibaki mikononi.

Nao haukutosha. Hili naliandika kwa uzito, kwa sababu siku hizi wapo wanaoyasifia ya zamani kana kwamba hayakuwa na makaburi. Bibi alikuwa na usiku mmoja asioweza kuusimulia mpaka mwisho. Mama wa ng'ambo ya mto, Bweni, alijifungua salama na kisha damu ikakataa kusimama. Kivuko kilikuwa kimelala. Wakampakia kwenye mtumbwi, bibi akiwa amepiga magoti, ngumi yake imekandamiza tumbo la yule mama. Walipofika katikati ya mto, bibi alihisi tumbo limelegea chini ya ngumi yake. Kila akifika hapo alinyamaza, akaanza kukunja nguo.

Leso haizuii damu hiyo. Inazuiwa na sindano, dripu, damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji. Februari 1987 mkutano wa kimataifa uliofanyika Nairobi ulianzisha kampeni ya uzazi salama, na hatua kwa hatua wazazi wakaelekezwa hospitali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 hadi 2005 ulionyesha kwamba Tanzania watoto 47 katika kila 100 walizaliwa kwenye vituo vya afya. Mwaka 2022 walikuwa 81. Vifo vya wazazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015 hadi 2016, vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022. Huo ni uhai wa watu, na sitaki mtu yeyote aurudishe kwenye mtumbwi.

Lakini mlangoni mwa wodi kitu kiliachwa nje. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza katika hospitali moja ya Dar es Salaam, mama yangu alizuiwa getini na chupa yake ya chai na leso yake. Ndani nesi mmoja alihudumia wanawake wengi kuliko vitanda. Nikamwomba dawa ya uchungu. Akarudi na sindano, nikashukuru kabla haijaingia. Ilikuwa ya kuongeza.

Ndivyo tunavyosema: sindano ya uchungu, dripu ya uchungu. Ni oksitosini, homoni ambayo kazi yake ilianza kuonekana mwaka 1906 katika majaribio ya Henry Dale, na ambayo Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Imeokoa wanawake wengi wasitokwe na damu, na kama ingekuwapo kwenye mtumbwi ule pengine bibi angemaliza simulizi yake. Lakini neno "dawa ya uchungu" katika wodi zetu lina maana moja tu, na si ile niliyoiomba. Wakunga wa jadi nao wana mitishamba ya kuongeza uchungu. Ya kuupunguza haitajwi sana, huku wala kule. Sindano ya ganzi ya mgongoni ipo zaidi kwa mwenye uwezo wa kulipia hospitali chache za binafsi. Anayejifungua hospitali ya umma mara nyingi huambiwa ajikaze.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu huduma wakati wa kujifungua. Linasema mama apewe dawa ya maumivu akiitaka, ikiwamo ganzi ya mgongoni, na awe na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni yake. Linataja pia kukandwa na vitambaa vya moto kwa mama anayeomba nafuu. Niliyasoma maneno hayo mara tatu. Bibi alikuwa ameshafariki.

Binti yangu alipofikia siku zake, kituo alichokwenda kiliruhusu mtu mmoja kuingia. Niliingia na leso. Nikamuuliza nesi maji moto yako wapi, akasema hakuna, jiko lao limeharibika. Ilikuwa saa tisa usiku. Nikatoka mbio mpaka getini, kwa mama anayeuza chai na maandazi kwa wasindikizaji, nikamwambia sitaki chai, nataka maji yale yanayochemka, nitalipa bei ya chai. Hakuuliza ya nini. Alinijazia chupa, akakataa hela, akaniambia, "Kimbia, mama, kimbia."