Matini na Pambizo: Usomaji Makini katika Shule za Kikristo za Ufaransa, Karne ya 12

Katika karne ya 12, shule za Kikristo nchini Ufaransa zilikabiliwa na swali ambalo bado linawakabili watunga mitaala: je, maelezo ya pambizoni humsaidia mwanafunzi kusoma, au husoma kwa niaba yake? Makala haya yanadai kwamba jibu lilitegemea mfuatano wa ufundishaji kuliko wingi wa maelezo.

Shule ya Laon, chini ya Anselm (aliyefariki mwaka 1117), iliweka msingi wa mkusanyiko uliokuja kuitwa Glossa Ordinaria. Maneno ya Biblia yaliandikwa kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa. Maelezo mafupi yaliwekwa baina ya mistari. Marefu, yaliyotokana na Augustine, Jerome na mababa wengine wa Kanisa, yaliwekwa pambizoni.

Mjini Paris, Hugh wa Saint-Victor (aliyefariki mwaka 1141) aliupa usomaji utaratibu. Katika Didascalicon, mwanafunzi huanza na mpangilio wa maneno, kisha maana ya wazi, kisha fundisho la ndani. Katika Maandiko Matakatifu historia hutangulia, kama msingi wa nyumba: nani, alitenda nini, lini na wapi. Unyenyekevu, ambao kwake ndio mwanzo wa elimu, ulimtaka msomaji asione haya kujifunza kwa yeyote. Andrew wa Saint-Victor (aliyefariki mwaka 1175) alitafuta kwa Wayahudi maana halisi ya maandiko ya Kiebrania.

Hata hivyo, maelezo yalikuja kujitenga na matini. Sentensi za Peter Lombard, za miaka ya 1150, zilipanga kauli za mababa kwa mada, si kwa mfuatano wa Biblia. Katika karne ya 13, Alexander wa Hales alizifundisha mjini Paris, nazo zikawa kitabu cha kiada cha teolojia. Karibu mwaka 1267, Roger Bacon alilalamika kwamba kitabu hicho kilipewa nafasi kuliko Biblia yenyewe.

Kupanga kwa mada hakukuwa kosa, kulirahisisha mjadala. Kilichodhoofika ni hatua ya kwanza ya Hugh. Katika Afrika Mashariki, ambako miongozo ya vitabu teule huuzwa sambamba na vitabu vyenyewe, funzo liko wazi: mwanafunzi aandike kwanza pambizoni neno asilolielewa, msemaji na mahali, ndipo afungue mwongozo.